Kijana Ajipime Kwanza, Ndipo Achague Masomo

Kila mwaka nchini Kenya vijana wengi sana hufika mahali ambapo njia hugawanyika. Katika mpango mpya wa elimu, ulioanza kufundishwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, mwanafunzi wa darasa la 9 hana budi kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu atakaoufuata katika sekondari pevu. Mkondo wa kwanza ni wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Wa pili ni wa Sayansi za Jamii. Na wa tatu ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza waliochagua hivyo waliingia darasa la 10 mwezi wa Januari, 2026.

Uchaguzi huo si jambo dogo. Karo hutoka katika jasho la mzazi: mmoja huuza ng'ombe, mwingine hukopa katika chama cha ushirika. Kijana akichagua mkondo kwa sababu rafiki yake ameuchagua, au kwa sababu jina la kazi fulani lapendeza masikioni mwa watu, huenda fedha hizo zikapotea, na miaka ya ujana, ambayo hainunuliki, ikapotea pamoja nazo. Kwa hiyo yafaa kijana ajipime mwenyewe kabla ya kuijaza fomu.

MAMBO MATATU

Mtu mmoja aliyelieleza jambo hili vizuri ni Frank Parsons, wa mji wa Boston katika Marekani. Mwaka 1908 alianzisha ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1909, baada ya kufa kwake. Alifundisha kwamba uchaguzi wa busara una mambo matatu: kwanza, mtu ajijue mwenyewe, pili, aijue kazi anayoitaka, tatu, ayapime hayo mawili pamoja kwa akili iliyotulia. Mafundisho hayo yamfaa kijana wa Kitui leo kama yalivyowafaa vijana wa Boston wakati ule.

KUJIJUA KWA USHAHIDI

Watu wengi hudhani kwamba kujijua ni kujiuliza, "Napenda nini?" Swali hilo halitoshi, maana mapenzi ya ujana hubadilika upesi. Swali lililo bora ni hili: "Nimefanya nini kwa mikono yangu na kwa akili yangu, na matokeo yalikuwaje?"

Kijana na atwae daftari, na kwa muda wa majuma manne aandike kila jioni mambo manne: kazi aliyoifanya siku hiyo, shuleni au nyumbani, kama aliifanya kwa hiari au kwa kusukumwa, kama ilitoka vizuri, na kama alitaka kuendelea nayo ilipokuwa ngumu. Hilo la nne ndilo lililo kubwa kuliko yote. Kazi yoyote hupendeza inapokuwa rahisi, lakini kazi ambayo mtu huirudia hata baada ya kushindwa, hiyo yaonyesha moyo wake ulipo.

Majuma manne yakiisha, atazame kazi zake zafanana na zipi. Mwaka 1959 John Holland, mtaalamu wa Marekani, alizigawanya tabia za watu na kazi katika mafungu sita: wanaopenda vyombo, mashine, mimea au wanyama, wanaopenda kuchunguza sababu za mambo, wanaopenda kubuni, kama kuchora, kuimba na kutunga, wanaopenda kufundisha na kuhudumia watu, wanaopenda kuongoza na kufanya biashara, na wanaopenda kutunza hesabu na maandishi kwa utaratibu. Ni nadra mtu kuwa katika fungu moja tu. Kwa kawaida hufanana na mawili au matatu.

Kisha amwulize mwalimu mmoja na mtu mzima mmoja wa nyumbani wamwonavyo. Wakisema jambo asilolitazamia, asikasirike, bali awaombe mfano. Jicho halijioni lenyewe.

TAHADHARI MOJA

Haifai mtu kusema, "Mimi si mtu wa sayansi," hali hajapata kuingia katika maabara, au shule yake ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo. Kukosa nafasi si kukosa akili. Vivyo hivyo msichana anayefungua redio iliyoharibika na kuifunga tena ikasema, asiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wavulana. Huo ni ushahidi, nao waandikwe katika daftari kama ushahidi mwingine. Palipokosekana nafasi, itafutwe kwanza, hata kama ni kwa siku chache, ndipo hukumu itolewe.

KUIJUA KAZI

Kazi nyingi hujulikana kwa sare zake tu. Kijana anayetaka kuwa mwuguzi ameona nguo safi, lakini huenda hajafikiri juu ya zamu za usiku, damu, na wagonjwa wenye hasira kwa ajili ya maumivu. Dawa ya jambo hili ni kumwendea mtu anayeifanya kazi hiyo na kumwuliza kwa adabu: Siku yako huanza na kwisha vipi? Ni jambo gani linalokuchosha zaidi? Ulisoma masomo gani, kwa miaka mingapi, na kwa gharama gani? Ulikaa muda gani kabla ya kupata kazi? Majibu ya watu wawili ni bora kuliko ya mmoja, maana mmoja huenda alikuwa na bahati njema au mbaya.

KUPIMA PAMOJA

Sasa kijana aweke mbele yake daftari na majibu hayo, na kuuliza kama kazi hiyo yahitaji masomo ya mkondo gani. Katika sekondari pevu mwanafunzi husoma masomo matatu ya kuchagua pamoja na yale ya lazima. Asichague mkondo ili kuikimbia hesabu, kwa maana mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hesabu itafundishwa katika mikondo yote mitatu. Tena haifai kuchagua kazi moja tu. Achague mbili zinazotumia masomo yaleyale, ili mlango mmoja ukifungwa, wa pili uwe wazi.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kazi yake ni kueleza wazi fedha zilizopo, kuuliza maswali, na kusikiliza; wala si kumtwika mtoto ndoto ambayo yeye mwenyewe aliikosa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

WALIOKWISHA TOKA SHULENI

Kujipima si kwa watoto tu. Mtu mzima aliyejifunza uashi, useremala au ufundi wa magari kwa kufanya kazi, bila cheti, aweza kuomba kujaribiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo hutoa majaribio ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Naye aanze vivyo hivyo: aandike kazi alizozimaliza bila kusaidiwa, na zile ambazo angali akimwita mwenzake. Orodha hiyo ya pili ndiyo itakayomwonyesha jambo la kujifunza kabla ya siku ya jaribio.

Hapana kipimo kinachoweza kumwambia mtu maisha yake yote yatakavyokuwa, wala hapana haja. Kijana akiwa na ushahidi wa kazi zake mwenyewe, na habari za kweli za kazi anayoitaka, aweza kuchagua leo bila hofu, na kujipima tena baada ya mwaka mmoja kwa daftari lilelile.