Majeraha ya Nyama za Paja kwa Wanasoka: Zoezi Linalofaa na Sababu ya Kuachwa

Mwanasoka anapokimbia kwa kasi bila kuguswa na yeyote, kisha akasimama ghafla na kushika nyuma ya paja, mara nyingi huwa amechanika misuli ambayo mashabiki huiita nyama za paja. Muda mfupi kabla ya wayo kukanyaga, mguu hurushwa mbele, na misuli hiyo hutakiwa kuuzuia kama breki ilhali yenyewe inarefuka. Misuli isiyozoea kutoa nguvu huku ikirefuka huchanika hapo. Katika klabu za Ulaya zinazofuatiliwa na UEFA, majeraha haya yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02. Msimu wa 2021/22 yalifikia asilimia 24.

Kinga yake haihitaji mashine. Mchezaji hupiga magoti mahali laini, naye mwenzake humkandamiza vifundo vya miguu. Akiwa amenyooka tangu magoti hadi kichwa, hujiinamisha mbele polepole, akilizuia anguko kwa nguvu za nyuma ya mapaja kadiri awezavyo. Akishindwa, hujipokea kwa mikono na kujisukuma kurudi juu. Zoezi hili lilijaribiwa nchini Denmark kwa wachezaji 942 wa timu 50, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: waliolifanya walipata majeraha mapya na ya kujirudia 15, wasiolifanya 52.

Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu klabu za Ligi ya Mabingwa na ligi kuu ya Norway ulionesha kwamba, kati ya misimu 150 ya klabu, ni 16 tu ambamo ratiba ilifuatwa kikamilifu. Kwa maoni yetu, tatizo kubwa hapa ni la maelezo kuliko la uvivu. Anayeanza kwa pupa huamka kesho yake akichechemea, na kocha mwenye mechi Jumamosi hawezi kulaumiwa akilifuta zoezi.

Ndiyo maana Wadenmaki walianza kidogo mno: wiki ya kwanza siku moja tu, seti mbili za mara tano, ya pili siku mbili, seti mbili za mara sita, ya tatu siku tatu, seti tatu za mara sita hadi nane. Idadi iliongezwa taratibu hadi wiki ya kumi, kisha siku moja kwa wiki ikatosha kuhifadhi nguvu. Mhudumu wa afya amweleze mchezaji mapema kwamba uchovu wa misuli wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida, na amshauri aanze kipindi cha maandalizi, mbali na siku ya mechi.

Aliyewahi kuumia ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia tena, hivyo asiachwe nyuma baada ya kupona. Lakini mwenye maumivu makali ya ghafla, damu iliyovilia nyuma ya paja, au anayeshindwa kutembea vizuri, asiguse zoezi hili kabla ya kupimwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.