Mkonge wa Magoma: tuanzie wapi?

SWALI: Sisi wakulima wadogo wa mkonge hapa Magoma, Korogwe, kila kikao tunaambiwa tuongeze thamani. Tutafute kiwanda cha kamba?

JIBU: Ndugu mkulima, kamba isubiri. Ndiyo iliyotuangusha. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, nyingi zikienda kusokotwa kamba za kufungia majani makavu Ulaya na Marekani; nyuzi za plastiki zilipoingia, bei ikaporomoka.

Anzieni kwenye korona, mashine inayosindika majani kupata singa. Jani likichelewa kusindikwa baada ya kukatwa, au singa zikioshwa kwa maji haba, rangi huharibika na daraja hushuka. Kwa hiyo trekta linalofika kwa wakati, maji, uanikaji na brashi vinaweza kuwaongezea kipato kabla hamjanunua mashine yoyote mpya. Kupitia chama chenu cha ushirika (AMCOS), daini malipo kwa daraja la mzigo wa kila mkulima. Mkilipwa kwa wastani, nani atahangaika na ubora? (Mzembe hatalalamika, bila shaka.)

Kisha tazameni kinachotupwa: singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Jirani zenu wa Hale walishaonyesha kwamba mabaki hutoa biogesi na umeme.

Kuhusu kiwanda, ulizeni soko kwanza. Saudi Arabia, kwa mfano, hutumia singa kuimarisha plasta ya jasi, na kwa kazi hiyo kamba haihitajiki.