HANANIA ALISEMA MIAKA MIWILI: Kwa nini tunashikilia neno lililokwisha kushindwa?

SOMO LA FAMILIA
Kusoma: Yeremia 28 na 29, Yohana 9:18-23

 

Mnakumbuka habari iliyotembea hapa kwetu miaka michache iliyopita. Mtumishi mmoja mgeni alitangaza kwamba kabla ya Pasaka safari zitafunguka, na kila nyumba itakayofunga siku 21 na kutoa sadaka ya safari itaona jina lake kwenye ubao wa matangazo. Familia nyingi hazikupanda maharagwe msimu ule. Wengine waliuza mbuzi, wengine waliuza mabati, wengine walitoa watoto shuleni wakisema watasomea Marekani. Nasi wachungaji tulikuwemo. Tulisimama madhabahuni tukasema Amina.

Pasaka ikapita. Kwenye ubao yakabaki matangazo ya chanjo na ya mgao. Hatukusema, "Tumekosea." Tulisema kuna watu kati yetu wenye imani haba. Tarehe mpya ikatolewa, sadaka ya pili ikachangwa, na wale waliouliza maswali wakaitwa wasaliti. Kisha njaa ikaja. Mama mmoja mjane alitujia akauliza, "Pasta, mvua imekwisha. Sasa nitapanda lini?" Hatukuwa na jibu. Somo hili ni jibu letu lililochelewa.

1. HANANIA NA YEREMIA

Sehemu ya watu wa Yuda walikuwa wamekwisha kupelekwa Babeli. Hanania akasimama hekaluni akasema kwamba baada ya miaka miwili wote watarudi pamoja na vyombo vya hekalu. Akavunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu.

Yeremia alijibu nini? Alianza kwa Amina (28:6). Naye alitamani kuona watu wakirudi nyumbani! Lakini akaongeza kwamba nabii anayetangaza amani atajulikana neno lake litakapotimia (28:9). Baadaye akawaandikia wakimbizi wa Babeli: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji wanamokaa, kwa maana miaka ni 70.

Hanania alikufa mwaka ule ule. Je, watu waliacha kuamini maneno ya namna yake? Hapana. Mtu mmoja aitwaye Shemaya aliandika kutoka Babeli akitaka Yeremia afungwe, na kosa lake lilikuwa ile barua ya kujenga na kupanda (29:24-28). Aliyesema kweli ndiye aliyeonekana adui.

2. SABABU NNE ZA KUSHIKILIA

(a) Tunapenda neno lile. Mtu aliyelala chini ya turubai miaka kumi na miwili akiambiwa atasafiri, moyo wake unakubali kabla akili haijauliza. Neno tunalolipenda hatulidai ushahidi. Neno tusilolipenda tunalidai mashahidi kumi.

(b) Tumelilipia. Mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu anaumia moyoni anapokuwa na mambo mawili yanayopingana: "Mimi ni mtu mwenye akili" na "Nimeuza mbuzi wangu bure." Ili maumivu yapungue, lazima jambo moja liachwe. Mara nyingi tunaacha ukweli, maana kukubali kosa kunatuumiza zaidi. Na kadiri tulivyolipa zaidi, ndivyo inavyokuwa vigumu kurudi.

Sisi tuliokimbilia Uganda tunalijua jina la Kanungu. Kundi la huko lilifundishwa kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi wengi walikuwa wameuza mali na kuwapa viongozi. Siku ikapita, na wengi hawakuondoka. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Tusiseme walikuwa wajinga. Walikuwa watu wa sala kama sisi.

(c) Tunatazama upande mmoja. Jaribuni mchezo huu nyumbani. Peter Wason aliufanya na wanafunzi Uingereza mwaka 1960. Mwambie mtu: "Namba 2, 4, 6 zinafuata sheria yangu. Itafute kwa kunipa namba nyingine tatu tatu, nami nitakuambia kama zinafuata." Wengi hutaja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila mara wanaambiwa ndiyo. Wanatangaza kwa furaha, "Sheria ni kuongeza mbili!" Wamekosa. Sheria ni namba zinazopanda tu; hata 1, 7, 50 zinakubalika. Hawakujaribu namba ambazo zingewaonyesha kosa. Ndivyo tulivyofanya nasi: tulihesabu kila gari jeupe lililoingia kuwa dalili, lakini hatukwenda ofisini kuuliza.

(d) Tunaogopa kutengwa. Wazazi wa yule kipofu walijua mtoto wao anaona. Lakini walikwepa swali, kwa sababu aliyemkiri Yesu angefukuzwa katika sinagogi (Yohana 9:22). Mkimbizi amekwisha kupoteza kijiji na ndugu. Akipoteza na kanisa, nani atamzika? Kwa hiyo ananyamaza.

3. JE, IMANI SI KUSHIKILIA PASIPO KUONA?

Hili ndilo swali gumu. Ndiyo, tunaamini tusiyoyaona. Lakini imani haikatazi kutazama. Tomaso alipotaka kuona makovu, Bwana alimwonyesha mikono yake (Yohana 20:27). Waberoya walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko hata baada ya kumsikia Paulo (Matendo 17:11). Tunamwamini Mungu, mtumishi anayetaja tarehe tunampima.

William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, alifundisha kwamba Bwana atarudi karibu na mwaka 1843. Baadaye tarehe 22 Oktoba 1844 ikatajwa, naye akaikubali. Wakulima wengine waliacha mazao shambani. Siku ile ilipopita, Miller alikiri kwamba hesabu ilikosewa, lakini aliendelea kumngojea Bwana mpaka alipofariki mwaka 1849. Aliacha tarehe, hakumwacha Bwana. Inawezekana!

4. TUFANYE NINI?

- Likija neno lenye tarehe, liandikeni siku ile ile. Andikeni pia ni jambo gani likitokea tutajua halikuwa la Mungu. Likishindwa, msiruhusu libadilishwe.
- Muulizeni mtu asiyekubaliana nanyi, mkamsikilize mpaka amalize.
- Anayedai fedha ili upate safari ni mwongo. Huduma za HCR ni za bure.
- Aliyedanganywa msimcheke. Aibu ndiyo inayomfunga. Mwendeeni faraghani kwa upole (Wagalatia 6:1), naye apate mlango wa kurudi.
- Ombeni safari, na pandeni maharagwe. Aliyepanda akiitwa, jirani atavuna. Asiyepanda asipoitwa, watoto watalala njaa.

Nasi wachungaji tunaanza. Tulikosea. Tulisema Amina kama Yeremia, lakini hatukuongeza maneno yake mengine. Mtusamehe. Yule mama alipata mbegu msimu uliofuata, na mwaka huu ametuletea debe moja kwa ajili ya wagonjwa.

MASWALI YA NYUMBANI
1. Ni neno gani tunaliamini kwa sababu tu tunalipenda?
2. Je, katika nyumba yetu mtoto anaweza kusema, "Baba, nadhani umekosea"?
3. Kama tutakaa hapa miaka mitano zaidi, tungepanda nini leo?

SALA: Bwana, tupe tumaini lisiloogopa ukweli. Tufundishe kukiri mapema, kabla mvua haijakwisha. Amina.