Kinachotupwa Chooni Humfikia Jirani: Somo Kuhusu Waipsi, Mafuta na Mabomba ya Majitaka

Mpangaji wa ghorofa ya tatu akitupa waipsi chooni na kuvuta maji, kwake mambo yameisha. Lakini bomba likiziba, majitaka hayapandi kumfuata huko juu. Humtokea mpangaji wa chini kabisa, kupitia choo chake au tundu la bafu, na huenda yakafika hadi sebuleni wanakochezea watoto. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa mabomba ya ploti, mmoja huweka mwiba na mwingine ndiye hudungwa.

Somo la toleo hili linaeleza kwa nini mabomba ya nyumbani huziba, hatua za kuchukua yanapoziba, na jinsi ya kuzuia hali hiyo. Linamhusu mpangaji, mwenye nyumba na mtunzaji wa ploti.

Safari ya majitaka

Katika nyumba nyingi, bomba la choo lina kipenyo cha inchi 4. Chini ya bakuli la choo kuna kona iliyopinda ambayo hubaki na maji kila wakati. Maji hayo huzuia harufu na gesi zisirudi ndani ya nyumba. Kutoka hapo, uchafu husafirishwa na mteremko wa bomba pamoja na maji unayomwaga. Ndiyo maana siku ambazo mifereji imekauka na watu wanabania maji, choo huziba upesi zaidi: kikombe kimoja au viwili vya maji huvusha uchafu kwenye kona tu, kisha huuacha njiani.

Majitaka ya ploti hupitia manholi ya ploti kabla ya kuingia laini kuu. Katika jiji la Kisumu, majitaka ya upande wa magharibi huelekezwa kwenye mtambo wa Kisat, na ya upande wa mashariki kwenye mabwawa ya Nyalenda. Hata hivyo, nyumba nyingi hazijaunganishwa na laini hizo. Zinatumia tangi la septiki au choo cha shimo, ambavyo hunyonywa na lori la eksosta.

Kwa nini waipsi haziyeyuki

Karatasi ya choo hutengenezwa kwa nyuzi fupi zilizoshikana kidogo tu. Ikilowa na kutikiswa, nyuzi huachana. Waipsi, yaani zile tishu zenye unyevu za kupangusia mtoto au kuondolea vipodozi, hutengenezwa kwa lengo tofauti kabisa. Zinakaa kwenye maji ndani ya pakiti kwa miezi kadhaa bila kuchanika. Nyingi zina nyuzi ndefu zilizochanganywa na plastiki kama vile poliesta. Kama hazikuoza ndani ya pakiti, hazitaoza ndani ya bomba.

Unaweza kujihakikishia nyumbani. Chukua mitungi miwili yenye vifuniko na utie maji nusu. Kwa mmoja weka kipande cha karatasi ya choo, kwa mwingine weka waipsi moja. Funika, tikisa kwa dakika moja, kisha uache hadi asubuhi na utikise tena. Karatasi itakuwa imekuwa kama uji. Waipsi utaitoa, uikamue, na itakuwa nzima. Fanya jaribio hilo hata kwa waipsi ambazo pakiti yake inadai zinafaa kutupwa chooni.

Sodo, nepi, pamba, vitambaa na kondomu ziko katika kundi hilo hilo. Sodo na nepi zina hatari zaidi kwa sababu hufyonza maji na kufura zikiwa ndani ya bomba.

Mafuta nayo

Waipsi moja hunasa kwenye kiungo kibovu au mzizi wa mti ulioingia bombani. Ya pili hunasa kwa ya kwanza. Kisha yanakuja mafuta ya jikoni. Jijini kwetu samaki hukaangwa kila siku, na wauzaji wa mgongo wazi huyajua vizuri mafuta yaliyotumika mara nyingi. Yakiwa moto hutiririka kama maji. Yakifika kwenye bomba baridi hushika kuta, huganda na kugandisha waipsi, nywele na magamba ya samaki kuwa donge moja.

London iliona matokeo yake mnamo Septemba 2017, pale donge la mafuta, waipsi na nepi lilipogunduliwa chini ya barabara ya Whitechapel. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130, na kuliondoa kulichukua wiki kadhaa. Huo ni mji wenye mabomba makubwa kuliko yetu.

Choo kikiziba, fanya hivi

1. Acha kuvuta maji. Kila unapovuta, unaongeza yale yatakayofurika kwa jirani.

2. Chunguza ni wapi. Kama ni choo kimoja tu kilichoziba, kizuizi kiko karibu na choo hicho. Kama choo, bafu na sinki vyote vimekwama, kizuizi kiko mbele zaidi.

3. Mwite mtunzaji wa ploti aangalie manholi akiwa amesimama kando. Ikiwa tupu, kizuizi kiko kati ya nyumba na manholi hiyo. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake.

4. Kwa kizuizi cha karibu, tumia kizibuo cha mpira chenye mpini. Kikishindwa, mwite fundi wa mabomba mwenye waya au fimbo za kuzibulia.

5. Usichanganye dawa. Dawa ya klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Magadi makali ya kuzibulia mabomba nayo huunguza ngozi na macho, na hayayeyushi plastiki iliyo kwenye waipsi.

6. Mtu yeyote asiingie ndani ya manholi au tangi la septiki. Gesi iliyomo, yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikizidi hufisha uwezo wa pua kunusa, kwa hivyo mtu hudhani hewa ni safi. Anayeingia kumwokoa mwenzake huanguka vilevile.

Nani ashughulikie?

Kwa kawaida, mabomba yaliyo ndani ya ploti hadi yanapoungana na laini kuu ni jukumu la mwenye nyumba. Laini kuu ni ya kampuni ya maji, KIWASCO. Kwa hivyo manholi ya barabarani ikifurika, piga ripoti kwa KIWASCO na ueleze mtaa na alama iliyo karibu. Usitoboe laini ili majitaka yamwagike mtaroni.

Lawama kati ya wapangaji haziwezi kuzibua bomba. Katika choo cha pamoja, mara nyingi mtu hutupa sodo ndani kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiweka kwa staha. Mwenye nyumba akiweka ndoo yenye kifuniko katika kila choo na kuhakikisha inamwagwa, atakuwa ameondoa sababu hiyo. Gharama ya ndoo ni ndogo kuliko kumlipa fundi mara moja.

Mwisho wa bomba ni ziwa

Laini ikiziba, majitaka hutafuta njia nyingine: mtaro, kisha mto kama Kisat au Auji, kisha Ghuba ya Winam. Maji ya kunywa ya jiji hili huchotwa pia kutoka ziwa hilo hilo, pale Dunga, kabla ya kusafishwa. Watoto hukanyaga mitaro hiyo, na kipindupindu husambaa kupitia maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Virutubishi vilivyo katika majitaka navyo hulisha gugumaji linalowafungia wavuvi njia.

Kumbuka

Vinavyoruhusiwa chooni ni vitatu: haja ndogo, haja kubwa na karatasi ya choo.

Waipsi, sodo na nepi zifungwe vizuri na kutiwa kwenye pipa la taka zisizooza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza na zisizooza zitenganishwe.

Mafuta yaliyotumika yaache yapoe, uyatie kwenye chupa na kuifunga. Sufuria ipanguse kwa karatasi kabla ya kuiosha.

Wenye choo cha shimo au septiki pia wasitupe vitu hivi ndani. Hujaza shimo haraka na kuziba bomba la eksosta.

Tafadhali kata ukurasa huu uubandike kwenye mlango wa choo cha ploti yenu.