Kitabu na Mchezo katika Nyumba ya Mwislamu wa Pwani: Funzo kwa Fasihi ya Watoto ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini, neno chuo lilikuwa na maana mbili zilizokaa pamoja bila kugombana. Chuo kilikuwa mahali mtoto alipopelekwa kufunzwa Kurani, na chuo kilikuwa pia kitabu chenyewe. Athari za maana hizo zingalimo katika neno mwanachuoni, linalotumiwa hadi leo kwa mtu aliyebobea katika elimu ya dini. Kitenzi cheza nacho kina mawanda mapana. Mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao. Na kutokana na kitenzi hicho hicho imepatikana istilahi mchezo wa kuigiza. Kwa mtazamo wa haraka, chuo na mchezo ni mambo yanayokinzana: chuoni mtoto huketi na kutulia, mchezoni huachiwa akimbie. Makala haya yanadai kwamba katika malezi ya Waswahili Waislamu mambo hayo mawili hayakuwa mbali hivyo, na kwamba kilichoyaunganisha ni Kiswahili chenye kusemwa na kughaniwa kwa sauti.

Suala hili lina uzito kwa mwanafunzi wa fasihi. Mjadala wa fasihi ya watoto katika Kiswahili aghalabu huanzia kwenye vitabu vya hadithi vilivyochapishwa kwa ajili ya shule. Matini za nyumbani na za madrasa huachiwa wanahistoria wa dini. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyesikia utendi kabla ya kujua kusoma huhesabiwa kuwa hakuwa na fasihi yoyote. Makala haya yanachunguza matini na michezo ya nyumba hiyo, yanaeleza namna viwili hivyo vilivyotengana, kisha yanapendekeza njia ya kuvikutanisha tena.

2.0 Wasia wa Mama kama Kitabu cha Nyumbani

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa alipoutunga, na aliukusudia kwa binti yake, Mwana Hashima. Utendi unaanza kwa mama kumwita binti aje karibu, akiwa na wino na karatasi, ili apokee wasia. Kisha mama anamweleza radhi tano anazopaswa kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume.

Mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa hapa. Kwanza, kitabu hiki kilizaliwa ndani ya nyumba, kati ya mama na mwana. Methali inayosema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu inapata hapa ushahidi ulioandikwa. Pili, ingawa utendi uliandikwa kwa hati za Kiarabu, umbo lake ni la kusikizwa. Ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina cha bahari kinachorudi kila ubeti hadi mwisho wa utungo. Msikilizaji aliyezoea hukitarajia kina hicho kabla hakijatamkwa. Kumbukumbu yake hushirikishwa, na kutarajia huko kuna ladha ya mchezo. Ndiyo maana utendi uliweza kuhifadhiwa vifuani mwa watu ambao pengine hawakumiliki nakala yake.

Ikumbukwe kwamba maudhui ya utendi huu hayapokelewi na wahakiki wote kwa moyo mmoja. Mafunzo yake kuhusu utiifu wa mke kwa mume yamezua mjadala mrefu, hasa miongoni mwa wanaosoma fasihi kwa jicho la kijinsia. Aidha, utendi unamlenga msichana anayekaribia unyumba wala haumlengi mtoto mchanga. Hata hivyo, kuhoji maudhui hakufuti funzo la umbo. Mama huyu alijua kwamba nasaha kavu husahaulika, na akaivika vina na mizani ili ipate makao.

3.0 Mchezo na Mipaka Yake

Haitoshi kusema kwamba watoto wa Kiislamu walicheza; yafaa kujua familia ilipimaje mchezo unaofaa. Mipaka ya msingi inajulikana. Kurani, katika Sura ya Al-Maida aya ya 90, inaharamisha kamari pamoja na ulevi. Michezo ya dadu ilikatazwa na wanazuoni walio wengi. Sataranji ilileta hitilafu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huhesabiwa kuwa jambo la makuruhu, yaani lisilopendeza, maadamu hapana kuwekeana fedha wala kupitwa na swala. Kwa ufupi, maswali yaliyoulizwa yalikuwa matatu: Je, mchezo unategemea bahati? Je, mali inapotea? Je, wakati wa ibada unaliwa?

Kwa vigezo hivyo, bao la Kiswahili linajitetea vyema. Bao lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Halina dadu. Kila mchezaji huanza na kete 32. Kumi huzipanga kwenye mashimo yake ya mbele, sita kati yake zikiwa ndani ya shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 huzibakisha mkononi. Hatua ya kwanza, namua, ni ya kuingiza kete hizo mojamoja. Zikisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo kete zilizomo baoni ndizo zinazochezwa. Mchezaji hula, hutakata na hulala. Kila hatua inadai hesabu ya kichwani, na mchezaji asiyeona mbele hulia mwishoni.

Kinachomhusu mwanafunzi wa lugha ni kwamba bao lina msamiati wake kamili, na msamiati huo umekwenda hadi kwenye ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa shairi linalotumia mchezo wa bao kusemea ushindani. Shairi kama hilo haliwezi kufasiriwa na mtu asiyejua kete zinavyokwenda. Mchezo basi ni ufunguo wa kusomea kitabu.

4.0 Mahali Vilipokutana

Zipo angalau tanzu tatu ambamo funzo na mchezo viliingiliana waziwazi.

Ya kwanza ni kitendawili. Vitabu vya fasihi simulizi hukiainisha katika semi na kueleza muundo wake: mtegaji hutanguliza fomula, hadhira huitikia, swali hutegwa, na anayeshindwa hutoa mji. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba muundo huo unaweza kupokea maudhui yoyote, yakiwemo ya dini. Chukua mfano huu: Wageni watano huja nyumbani kila siku, hawakosi, wala hawali. Mtoto atataja majirani, atataja paka, mwishowe atafika kwenye swala tano. Akifika huko kwa jasho lake mwenyewe hatasahau. Mwalimu angeweza kumwambia idadi hiyo kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingebaki kuwa mali ya mwalimu.

Ya pili ni utungo wa kialifu, ambao beti zake hufuatana kwa mpangilio wa herufi za Kiarabu, kuanzia alifu. Kwa mtoto wa chuoni, aliyekwisha kuzikariri herufi hizo kwenye ubao wake, kialifu ni mchezo wa kukisia: herufi ijayo anaijua, neno litakaloibeba halijui. Anayedhani kwamba mbinu hii ni pambo tu la mtunzi hajaitazama kwa jicho la msomaji anayejifunza.

Ya tatu ni maulidi. Huko Lamu, sherehe za maulidi zina uhusiano mkubwa na Habib Saleh, mwanachuoni mwenye asili ya Komoro, na msikiti wa Riyadha. Katika sherehe hizo husomwa sifa na maisha ya Mtume na huimbwa kasida. Na katika siku hizo hizo mji huwa na mbio za punda, mashindano ya kuogelea, bao, na uandishi wa hati nzuri za Kiarabu. Msomaji wa kasida na mpanda punda hawaonekani kuwa watu wa dunia mbili. Familia moja huweza kuwa na mwana katika kila upande.

5.0 Mtengano

Karne ya 20 ilileta uchapishaji, na uchapishaji ulileta neema pamoja na gharama yake. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahutubia Waislamu kwa Kiswahili kuhusu elimu, umoja na mageuzi. Aliandika pia kwa ajili ya madrasa. Mwaka 1969 ilitoka Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, iliyompa msomaji wa Kiswahili maana na maelezo ya aya kwa lugha yake. Kazi hizi ni nguzo. Lakini nyingi katika mkondo huu ni nathari ya kufundisha: husomwa kwa utulivu, na mlengwa wake hasa ni mtu mzima au mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu. Mchezo ulibaki nje, barazani.

Pengo hilo la vitabu vya kumfurahisha mtoto wa Kiislamu lilijazwa na wengine. Islamic Foundation, iliyoanzishwa Leicester, Uingereza, mwaka 1973, ilichapa hadithi za watoto kwa Kiingereza. Goodword Books ya New Delhi, India, ilitoa vitabu vya picha za rangi na pia michezo ya ubaoni yenye maswali ya dini. Ubora wa kazi hizo haupingwi, na mzazi anayemnunulia mwanawe hastahili lawama. Tatizo ni la lugha. Mtoto wa Mombasa au Malindi anayelelewa kwa vitabu hivyo huswali kwa Kiarabu, hucheza kwa Kiingereza, na Kiswahili hukikuta kwenye karatasi ya mtihani. Lugha inayokutwa mtihani peke yake haiwezi kupendwa. Itajulikana kanuni zake, lakini haitakuwa na chumba ndani ya nyumba.

6.0 Kwa Nini Kiswahili Kinafaa

Huenda ikadaiwa kwamba michezo ya ubaoni na vitabu vya picha vikitafsiriwa tu, tatizo litakwisha. Dai hili lina ukweli, ila linapuuza masharti mawili ambayo kila mtunzi wa familia ya Kiislamu hukutana nayo.

Sharti la kwanza linahusu picha. Waislamu walio wengi hawaruhusu manabii kuchorwa. Mchoraji wa kisa cha Nabii Yunus huchora bahari na samaki. Wa Nabii Nuhu huchora safina. Wa Nabii Suleiman huchora chungu na ndege hudihudi waliotajwa katika Sura ya An-Naml. Mhusika mkuu haonekani. Kwa hiyo sura yake, huzuni yake na subira yake lazima vibebwe na maneno. Pale picha inapokoma, lugha ndiyo inayofanya kazi. Na lugha hiyo ikiwa ya kutafsiriwa kikavu, mhusika hupotea mara mbili.

Sharti la pili linahusu heshima ya maandishi. Karatasi yenye aya haiwekwi chini pakakanyagwa, wala haitupwi ovyo. Mchezo wa kadi zenye aya, mikononi mwa watoto wa miaka sita, ni mtihani kwa mzazi. Kitendawili hakina karatasi. Kialifu kilichokaririwa hakina karatasi. Mchezo wa mdomo unatimiza heshima hiyo pasipo mtu kukemewa, tena hauna bei.

Masharti haya, ambayo kwa mchapishaji huonekana kuwa vikwazo, ndiyo yanayoirudisha fasihi kwenye sauti, mahali ambapo Kiswahili kina hazina kubwa.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mtaala wa fasihi ya watoto katika vyuo vikuu uzijumuishe tendi za wasia, kialifu na kasida za madrasa, na uzihakiki kama fasihi: umbo, hadhira, maudhui na kasoro zake. Pili, wanafunzi wanaotoka pwani wakusanye vitendawili na michezo ya maneno inayotumiwa nyumbani na madrasani, kwa idhini ya wenyewe, kabla ya wazee wanaoikumbuka kutoweka. Tatu, watunzi chipukizi wajaribu vitabu vidogo ambavyo kila ukurasa unamdai mtoto ajibu, atege au amalizie kina, ili kitabu kisiweze kusomwa pasipo watu wawili kukaa pamoja.

Pendekezo la mwisho ndilo zito. Mwana Kupona hakumkabidhi binti yake kitabu akaenda zake. Alimwita aketi. Fasihi ya watoto inayotafutwa leo katika maduka ya vitabu ilianza kwa tendo hilo, na inaweza kuanza tena usiku wowote baada ya swala ya Isha, katika nyumba yoyote yenye mtu mzima mmoja aliye tayari kutega na mtoto mmoja aliye tayari kuitikia.