Kibao cha Njia Ni Ahadi

Watoto, leo tunajifunza juu ya vibao vinavyosimama kando ya barabara, vile vinavyowaonyesha wasafiri mji gani uko upande gani. Ninyi nyote mmekwisha kuviona. Lakini ni nani kati yenu amejiuliza hivi: miji ni mingi, vijiji ni vingi zaidi, kwa nini wameandika jina hili, wakaacha lile?

1. Dereva mgeni

Tuseme dereva mmoja anatoka Lubumbashi. Ndani ya kamio yake mna dawa za hospitali ya Kolwezi, na wagonjwa wanazingojea. Yeye ni mgeni, hajapita njia hii hata mara moja. Mbele yake kuna safari ya kilometa 300 hivi. Atapita Likasi, kisha Fungurume, na vijiji vingi katikati. Sasa anafika penye njia panda. Je, kibao kimwambie nini?

Mtoto mmoja atajibu: «Waandike majina yote, basi hakuna atakayepotea.» Jibu hili linapendeza, lakini halifai. Tufanye hesabu. Motokari inayokwenda kilometa 72 kwa saa inapita meta 20 kwa kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 5 kusoma majina mengi, amekwisha kwenda meta 100, na macho yake hayakuwa njiani. Katika meta 100 hizo mtoto anaweza kuvuka, mbuzi anaweza kuruka mbele yake. Kwa hiyo majina yawe machache, mawili au matatu. Basi ni lazima kuchagua.

2. Namna ya kuchagua

Kwanza, wanaandika mji mkubwa ulio mbali, ambao hata mgeni anajua jina lake. Anayekwenda Kolwezi anafuata jina hilo. Na anayekwenda kijiji kilicho kabla ya Kolwezi, naye analifuata vilevile. Mji mkubwa ni kama mlima mrefu: watu wengi wanautazama toka mbali ili wajue upande wa kwenda.

Pili, wanaandika mji wa karibu unaofuata. Kwa njia yetu ni Likasi, kilometa 120 hivi toka Lubumbashi. Jina hilo linamsaidia anayekwenda Likasi. Linamsaidia na mgeni pia, maana akifika Likasi anajua kwamba hakupotea.

Tatu, hawatazami ukubwa wa mji peke yake, wanatazama na kazi yake. Mkitoka Lubumbashi kwa njia ya kusini, mnafika Kasumbalesa. Mji huo ni mdogo kuliko Lubumbashi, lakini ndipo penye mpaka wa Kongo na Zambia, na kamio nyingi zinapita pale. Dereva wa kwenda Zambia anatafuta jina hilo. Vivyo hivyo kule Uingereza kuna mahali panapoitwa Scotch Corner. Si mji, ni mahali ambapo barabara kubwa zinaachana. Hata hivyo jina lake limeandikwa toka mbali, kwa sababu hapo ndipo msafiri anapopaswa kuchagua njia yake.

Na nani anayechagua? Kama kila mkubwa angechagua kwa ajili ya wilaya yake tu, kila mmoja angesifu mji wake mwenyewe. Kwa hiyo inafaa wapatane. Uingereza, vibao vya zamani vilikuwa vya namna nyingi, vikawachanganya watu. Mwaka 1961 Serikali ikaweka kamati, na mkubwa wake alikuwa Walter Worboys. Kamati ikatoa shauri lake mwaka 1963, na vibao vipya vikaanza mwaka 1965. Tena Serikali ya kule inashika orodha ya majina yanayofaa kuandikwa kwenye barabara kubwa, ili kila wilaya ifuate mpango mmoja.

3. Ahadi ni deni

Sasa sikieni sheria iliyo kubwa kuliko zote: jina likiisha kuandikwa, lisipotee mpaka msafiri afike.

Turudi kwa dereva wetu. Kwenye njia panda ya kwanza amesoma «Kolwezi», akafuata. Kwenye ya pili amesoma «Kolwezi», akafuata. Kwenye ya tatu anaona «Fungurume» peke yake. Yeye hajui Fungurume ni wapi. Anasimama, anafikiri, anageuza kamio na kurudi nyuma. Jua linakuchwa, na dawa bado zimo ndani ya kamio.

Je, nani amemdanganya? Hakuna. Kila jina lilikuwa la kweli, maana njia ya Fungurume ndiyo njia ya Kolwezi. Lakini kibao cha kwanza kilimwahidi kumfikisha Kolwezi, na cha tatu kilisahau ahadi hiyo. Wazee wanasema: ahadi ni deni. Kwa hiyo fundi mwenye akili haanzi na rangi na ubao. Anaanza na ramani. Anafuata njia yote kwa kidole mpaka mwisho, anahesabu kila njia panda, halafu ndipo anaandika.

4. Mji mmoja, majina mawili

Tazameni Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo toka mwaka 1908 mpaka 1960. Kaskazini watu wanasema Kiholanzi, kusini wanasema Kifaransa. Mwaka 1962 sheria iliweka mpaka wa lugha, na kila upande unaandika vibao kwa lugha yake. Mji wa Liège kwa Kiholanzi unaitwa Luik. Mji wa Mons unaitwa Bergen. Mtu anayetoka Bruxelles kwenda Liège anaona majina yote mawili mjini. Akiingia upande wa Kiholanzi anaona «Luik» tu, na mbele anaona «Liège» tu. Mwenyeji hana shida. Mgeni anafikiri kwamba amepotea, kumbe yuko njiani.

Si vibaya watu kuuita mji kwa lugha yao. Ni heshima yao. Lakini mgeni naye ana haki ya kufika.

Hata kwetu majina yamebadilika. Mwaka 1966 Élisabethville iliitwa Lubumbashi, Jadotville ikaitwa Likasi, Stanleyville ikaitwa Kisangani. Jina la mji likibadilika, haitoshi kubadili kibao cha mlangoni mwa mji. Lazima kubadili kila kibao cha njia yote. Kimoja kikisahauliwa, kinamtuma mgeni kutafuta mji ambao haonyeshwi tena mbele.

5. Na ninyi je?

Labda siku moja mtaombwa kuandika kibao cha shule au cha dispensari yenu. Msikisimamishe kwenye barabara kubwa tu, mkaenda zenu. Fuateni njia kwa miguu mpaka mlangoni. Kila mahali njia inapogawanyika, wekeni jina lile lile, kwa herufi zile zile. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa usiku hawajui ninyi, wala ninyi hamtamwona. Lakini ameamini neno mliloliandika.

Ya kukumbuka: Majina yawe machache. Yawe ya mahali panapojulikana. Jina lililoandikwa mara moja liandikwe mpaka mwisho wa njia.

Maulizo
1. Kwa nini haifai kuandika majina mengi kwenye kibao kimoja?
2. Kasumbalesa ni mji mdogo kuliko Lubumbashi. Kwa nini jina lake linafaa kuandikwa?
3. Motokari inakwenda kilometa 72 kwa saa. Inapita meta ngapi kwa sekunde 3?
4. Chora njia ya kutoka barabara kubwa mpaka shule yenu. Ni vibao vingapi vinavyohitajiwa, na utaandika nini juu ya kila kimoja?