Pima Cheni Kabla Haijala Friwili

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa mwenye baiskeli ya mzigo isiyo na gia, ile inayobeba mkaa, madumu ya maji, maziwa au abiria kwenye keria. Cheni ni rahisi kununua kuliko sproketi ya mbele na friwili kwa pamoja. Ikiachwa ichakae kupita kiasi, huvila vyote viwili.

Cheni hairefuki kwa sababu mzigo umeivuta. Kila pingili imeungwa kwa pini inayozunguka ndani ya tundu lake. Vumbi likichanganyika na oili, husaga kama msasa: pini hupungua, tundu hupanuka. Kiungo kimoja hulegea kidogo sana, lakini cheni ina viungo 100 hivi, na kila kimoja huongeza chake. Baada ya hapo pingili hazikai tena kwenye mashina ya meno. Hupanda kuelekea ncha na kuyachonga hadi yakapinda.

Jicho halitoshi kugundua hali hiyo. Cheni iliyojaa uchafu yaweza kuwa nzima, na inayong'aa ikawa imekwisha. Pima. Kutoka pini moja hadi inayofuata, cheni mpya ina nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili.

Tumia futi ya chuma ya seremala. Rula ya mwanafunzi huishia kwenye inchi 12, ziada hutaiona, na futi ya fundi cherehani hunyumbuka. Fungua kava ya cheni kama ipo. Zuia gurudumu la nyuma, kandamiza pedali ili cheni ya juu ikaze. Usianzie kwenye ncha ya futi, kwa sababu kile kindoano chake hucheza. Weka alama ya inchi 1 katikati ya pini, kisha hesabu pini 24 mbele yake, bila kuihesabu hiyo ya kwanza.

Pini ya 24 ikiwa kwenye inchi 13, endelea na safari. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, anza kutafuta fedha ya cheni mpya. Usingoje izidi 1/8, karibu milimita 3, kwani hapo meno nayo huwa yamekwenda, na cheni mpya juu ya friwili iliyolika itaruka meno ukipanda mlima na gunia nyuma. Baiskeli za gia nyingi zina cheni nyembamba. Hizo zibadilishiwe mapema, kwenye 1/16 hiyo hiyo.

Mafundi wengi wakiona cheni imelegea huvuta gurudumu nyuma, au hukata pingili mbili. Ulegevu huondoka na mteja huondoka ameridhika. Lakini nafasi kati ya pini na pini ni ile ile iliyopanuka, na meno yanaendelea kuliwa. Ukiambiwa cheni ikatwe, omba ipimwe kwanza.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isitumike: ina masizi na chembe za chuma. Tia tone moja la oili safi kwenye kila rola, zungusha pedali, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Oili inayobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu.